Rola kosta niliipenda, ila si juu ya mfongo wetu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kijiji chetu huku Uru, tulipofika kwenye "mengineyo" alisimama kijana mmoja niliyemfundisha fizikia hadi akamaliza kidato cha nne. Hakuwa na karatasi, alikuwa na simu. Akaipitisha kwa wazee wa mstari wa mbele, tukaona kigari cha watu wawili kinateremka mlimani juu ya reli, kinapinda kushoto, kinapinda kulia, kinazama kwenye miti, kinaibukia malishoni, na waliopanda wanapiga mayowe ya raha.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Hii ndiyo rola kosta ya mlimani. Ulaya wanazo. Sisi tuna mlima unaozidi yote Afrika na hatuna hata moja."

Akaendelea kwamba yupo mwekezaji aliye tayari kuzungumza. Reli ianzie juu kule nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji vyetu, ifuate ukingo wa bonde, ikaishie jirani na maporomoko ya maji ya Materuni. Vijana wapate ajira, kijiji kipate ushuru. Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyefika huko. Unasemaje?"

Nikasimama, nikasema ukweli: chombo hicho nimekipanda, na ni kitamu. Mkutano mzima ukaangua kicheko, makofi yakazidi, nami nikaketi. Nilipofika getini kwangu, mkono uko kwenye komeo, ndipo jibu zima likanijia. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimalizie sentensi niliyoiacha njiani.

Kwanza hiyo safari yenyewe, maana kijijini wanaidai hadi leo. Binti yangu ni muuguzi Innsbruck, Austria. Nilipokwenda kumtembelea, alitupeleka mimi na mjukuu wangu kwenye kijiji kinaitwa Mieders, bonde la Stubai. Unapandishwa juu kwa gari la waya, kisha unakaa kwenye kitoroli, mtoto mbele yako katikati ya magoti, mikanda inafungwa. Kushoto na kulia kuna vishikio viwili. Ukivisukuma mbele breki zinaachia, ukivivuta zinabana. Injini hakuna. Njia ina urefu wa kilomita 2.8, na kutoka kilele chake hadi chini ni mita 640 za kushuka. Nilipiga ukelele tangu kona ya tatu mpaka mwisho. Mjukuu akaniambia, "Babu, umeniaibisha." Tukapanda tena.

Naomba radhi, Mhariri, chaki ya miaka thelathini haitoki mwilini kwa kuoga mara moja. Kitu kinachoshuka mita 640 bila kuzuiwa na chochote kingefika chini na mwendo wa mita 112 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Sisi tulikuwa tunakimbia kama 40 hivi. Mwendo ukiwa moja ya kumi, nishati ni moja ya mia. Maana yake tulifika chini na asilimia moja tu ya nishati tuliyotoka nayo juu, na zile 99 ziliishia kwenye upepo, kwenye msuguano wa magurudumu, na hasa kwenye breki. Rola kosta ya mlimani ukiivua rangi zake ni mashine ya breki. Breki zinataka fundi anayezikagua kila asubuhi, zinataka vipuri, zinataka ukavu. Sasa mlete fundi huyo kwetu mwezi wa nne, kwenye ukanda wa msitu unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, siku ambayo bodaboda inasukumwa na watu watatu na abiria ni mmoja wao.

Lakini hilo ni la mafundi, na fundi akilipwa vizuri atapata dawa yake. Langu ni jingine.

Nilipotulia siku ile Mieders, nikanywa kahawa (nyepesi, Mungu awasamehe), niliutazama ule mteremko kwa jicho la mtu wa mlimani. Juu kuna mkahawa. Nguzo za gari la waya zimesimama tangu chini. Malishoni majani yamefyekwa kwa mashine, yamefungwa marobota. Barabara inapanda, njia za baiskeli zimechongwa, miti imepandwa kwa mistari. Mahali pale palishakuwa uwanja wa michezo siku nyingi, na reli ilikuja kuongezewa kwenye vyuma vilivyokuwepo. Kijana wangu alituonyesha reli akasahau kutuonyesha ilipolala. Anayesema "Ulaya wanajenga milimani" aulizwe mlima gani, na kabla ya reli palikuwa na nini.

Tena kwa Wamarekani hiki chombo hakikuanza kwa burudani wala mandhari. Huko Pennsylvania, Marekani, mahali palipoitwa Mauch Chunk, mwaka 1827 walijenga reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mgodini kwa uzito wake wenyewe. Nyumbu waliovuta mabehewa matupu kwenda juu (nyumbu wa mizigo, si wale wa Serengeti) walishushwa nao wakiwa wamepanda behewa. Baadaye makaa yakapata njia nyingine, na reli ikabaki kwa watu waliolipa nauli washuke tu kwa raha. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga ya kwake ufukweni Coney Island, New York, senti tano kwa safari. Miaka mitatu baadaye, Atlantic City, akajenga nyingine ambayo behewa linapita kwenye mahandaki yenye milima na mabonde ya kuchora ukutani.

Hapo ndipo ninapotaka kijana wangu atulie kidogo. Thompson alikuwa na ufukwe, mlima hakuwa nao, akauchora. Mwaka 1959 Disneyland ya California wakaujenga mlima Matterhorn wa bandia, kimo chake kama mita 45, ule wa kweli huko Uswisi una mita 4,478. Mwaka 2006 Florida, ambako ardhi ni bapa kama sinia, wakasimamisha Everest yao ya mita 60 kwa ajili ya rola kosta. Watu wanatumia mamilioni kutengeneza mlima wa uongo ili wateremke nao, na mteja anatoka ameridhika kabisa. Rola kosta haihitaji mlima wa kweli. Ukiwa ndani yake hutazami chochote, unatazama kona inayokuja. Pale Mieders binti yangu aliniuliza kama niliona milima ya ng'ambo ilivyopendeza. Nilikuwa nimeona kisogo cha mjukuu wangu.

Sasa nirudi Uru.

Njia aliyoionyesha kijana kwa kidole inakata mfongo wetu mara mbili. Kwa wasomaji wasio wa huku, mfongo ni mfereji wa maji unaotolewa mtoni juu karibu na msitu na kupitishwa ubavuni mwa kilima hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Wetu ulichimbwa na babu wa babu yangu na wenzake, bila pima maji wala darubini. Walichimba hatua chache, wakaachia maji, wakayatazama yanavyokwenda, wakachimba tena. Ukiutembea huoni kama unashuka. Mteremko ukizidi maji yanakula udongo na kubomoa ukingo, ukipungua yanasimama na kujaza tope. Kwa hiyo breki ya mfongo ni mteremko wenyewe, na ni mvuto ule ule wa Mieders unaofanya kazi, ila hapa hauna kelele na unanywesha migomba. Zamu yetu ni Jumatano. Siku ya kusafisha, asiyefika na jembe analeta ndoo ya mbege, na hiyo haina rufaa.

Jumatano iliyofuata baada ya mkutano, maji hayakufika kwangu. Nikapanda nikifuata ukingo. Karibu na banio, pale mfongo unapotoka mtoni, nikakuta kigingi cha mti kimepakwa rangi nyekundu, kimepigiliwa kwenye ukingo wenyewe, shubiri moja kutoka kwenye shina la sale. Msomaji Mchagga anajua sale ni nini kwetu. Ndilo alama ya mpaka, na ndilo jani unalomshikia mtu unapomwomba msamaha. Aliyekipiga kigingi alikata matawi mawili ili aone vizuri. Kilipotikiswa na nyundo, ukingo ulipasuka, maji yakawa yanatoka kwenye tundu la unene wa kidole. Mpaka nimerudi na jembe na magome ya mgomba kuziba, tundu lilikuwa limeshatanuka kama upana wa kiganja na udongo mwekundu unashuka nao bondeni. Nani alikipiga, hakuna aliyekiri. Mwenyekiti anasema hana habari. Mimi nimekiweka nyuma ya mlango wa jikoni.

Kigingi kimoja, Mhariri. Reli ya namna ile inakaa juu ya nguzo fupi fupi za chuma zilizopangwa hatua kwa hatua njia nzima, na penye bonde zinakuwa ndefu na kutaka zege. Udongo wetu ni wa volkano, mzuri kwa kahawa, lakini ukishachokozwa kwenye mteremko wakati wa masika hauna adabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mradi wa aina hii unadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kigingi cha kwanza. Huko reli inakoanzia napo pana historia yake. Nusu maili ilitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na nguzo bila kuingia msitu wa juu, na mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mke wangu amewahi kurudishwa kutoka huko na mundu wake, alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alikubali, akarudi, tukanunua majani. Mtu huyo huyo nitamwelezaje kwamba mundu ulikuwa hatari ila kilomita za chuma ni maendeleo?

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi wa Moshi hawalijui, nami nalitaja kila nikipata nafasi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika uko kwenye mlima wetu huu, kwenye bonde la ndani ndani, mita 81.5 kwenda juu. Ulikuwa umesimama hapo karne kwa karne, na watu wakipita chini kwenye lami kwenda Himo na kurudi. Hapakuwa na njia ya kufika kirahisi, ndiyo sababu haukujulikana, na nina hakika ndiyo sababu haukukatwa.

Sitaki nionekane mzee anayepinga kila chenye gurudumu. Table Mountain, Cape Town, ina gari la waya tangu mwaka 1929, na hifadhi ya taifa ilikuja kuanzishwa pale mwaka 1998, usafiri huo ukiwa na karibu miaka sabini. Mlima upo, maua yake yapo. Lakini gari lile linagusa ardhi chini na linagusa juu, katikati ni waya hewani, na chini yake ni jiji zima. Pale Ziwa Manyara kuna daraja la kuning'inia ambalo mtu anatembea kwenye usawa wa matawi ya miti. Hilo nalisifu. Unatembea, linayumba kidogo, unanyamaza, tumbili wanakutazama wewe badala ya wewe kuwatazama wao. Mashine zinatofautiana, na tofauti yake naiona kwenye mambo mawili: inagusa ardhi mara ngapi, na inamfanya mtu atazame au afumbe macho.

Mwaka 2019, wizara ilipotangaza kwamba inazungumza na kampuni kuhusu gari la waya Kilimanjaro, tulibishana sana huku, hasa nyumba zenye wapagazi. Sitayarudia. Nakumbusha tu kwamba si sisi peke yetu tunaoletewa michoro. Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, waliletewa mpango wa gari la waya la kushusha watalii hadi sakafu ya korongo la Grand Canyon, mahali mito miwili inapokutana, mahali patakatifu kwao. Waliahidiwa ajira, na ajira waliihitaji kweli. Oktoba 2017 baraza lao likapiga kura: 16 walikataa, wawili walikubali.

Kijana wangu atasema, "Mwalimu, wewe una pensheni." Ni kweli, ingawa hajui ni kiasi gani. Na ni kweli kwamba yeye ana cheti ukutani na anashinda kijiweni akisubiri mtalii wa kumwongoza kwenda maporomokoni. Ndiyo maana nimemtafakari yeye kuliko mwekezaji. Mtalii wake anatoka Ujerumani, ambako vigari vya reli za mlimani vinaundwa na kuuzwa dunia nzima. Amekuja saa nyingi kwa ndege ili apande kile alichokiacha nyumbani? Anachokifuata Materuni ni ile njia ya miguu kati ya migomba na mibuni, bibi anayempa kahawa aitwange mwenyewe kwenye kinu huku watu wanaimba, halafu kona ya mwisho ambapo unasikia maji kabla hujayaona. Nilikuwa nawasimamisha wanafunzi wa kidato cha pili kwenye kona hiyo, kabla hatujafika chini, kwa sababu maporomokoni kwenyewe sauti yangu haikusikika. Pale konani unasikia vyote viwili, maji kwa chini na hondohondo kwa juu wanapopiga mbawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Weka reli hapo, na kila dakika mbili mtu anapita anapiga mayowe kama nilivyopiga mimi. Kijana atauza nini?

Sasa nisikilizwe kwa hili, maana nalo ndilo lilinikosa midomoni siku ya mkutano. Rola kosta naitaka. Naitaka chini, Moshi mjini au njia ya kwenda Boma Ng'ombe, kwenye ardhi tambarare iliyokwishalimwa na kuchakaa, penye umeme na lami na hospitali karibu. Mvuto ni ule ule popote, ukitaka kushuka bila mlima unaweka mnyororo na mota ikupandishe kwanza, ndivyo wanavyofanya Florida. Na mteja yupo. Ndugu Mhariri, ulishawahi kupita Moshi tarehe 23 Desemba? Magari ya Dar es Salaam yamejipanga, kila kihamba kina watoto wageni ambao hawajui kukamua ng'ombe na wanaogopa choo cha nje, wamekaa barazani wanatafuta mtandao. Wiki mbili nzima! Baba zao wametoka na fedha za mwaka. Toza shilingi, si dola, na watoto wa mitaa ya Majengo na Pasua hapo mjini nao wapate bei yao Jumapili na siku za Idd, maana hata bembea nzima ni ya kutafuta. Mimi nitapanga foleni siku ya kwanza na mjukuu akiwa likizo, aaibike tena.

Kijana alikuja kwangu Jumamosi iliyopita. Alianza kwa shikamoo ndefu, nikajua amesikia habari ya kigingi. Aliapa kwamba si yeye, nami namwamini, kwa sababu tangu darasani alikuwa hajui kudanganya, anacheka. Nikampeleka mpaka kwenye banio. Nikamwambia atie jani la mgomba kwenye maji tulifuate kwa miguu. Tulitembea nalo taratibu kama watu wanaosindikiza mgeni, mpaka likaingia kihambani kwa mama yake. Hakusema kitu. Kisha akaniuliza kama ile hesabu ya mita 112 nilimaanisha kweli, akaikokotoa mwenyewe kwenye simu, akapata ile ile.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao, tarehe haijabandikwa. Nitafika mapema nikae mbele, na nitakuja na kigingi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Uru, Moshi.